Jogoo wa Nyanya na Nyuzi Mbili za Joto

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Methali hiyo nimeijua tangu shule ya msingi, nikaitumia katika insha chungu nzima na walimu wakanipa alama. Lakini kuiandika methali si kuionja. Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, niliionja. Nilimsingizia jogoo. Naam, mmesoma vizuri. Nilimsingizia jogoo wa nyanya yangu, naye nusura achinjwe kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Kisa chenyewe ni hiki.

Kwetu ni hapa hapa Kenol. Mji wetu, kama mjuavyo, ulipata jina kutokana na kituo cha mafuta, na hadi leo watu wengi huujua kama mahali pa kusimamisha gari tu. Magari ya Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru hupita hapa, na yale ya kwenda Murang'a hukata kona hapa hapa. Mama yangu huuza mayai ya kuchemsha na njugu pale steji. Wakati wa likizo mimi humsaidia. Huinua beseni juu ya kichwa, nikakimbilia dirisha la matatu kabla ya wenzangu, nikapaza sauti, "Mayai moto! Mayai na kachumbari!" Kwa hiyo msishangae kwamba kisa changu ni cha mayai. Mayai ndiyo yanayonilipia karo.

Sasa, katika muhula wa kwanza wa mwaka huo, mwalimu wetu wa Fizikia alikuja na kitu cha ajabu katika chama cha sayansi. Kilikuwa kibao cha rangi ya buluu, kidogo kuliko kiganja cha mkono, kimejaa vijiti vya chuma na vitundu pembeni. Katikati palikuwa na kidude cheusi chenye miguu mingi kama tandu. Mwalimu akasema, "Hiki kinaitwa Arduino. Hiki kidude cheusi ndicho ubongo wake. Ni maikrokontrola."

Sisi sote tukabaki kinywa wazi. Akatueleza kwamba maikrokontrola ni kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya kipande kimoja: mna sehemu ya kufikiri, mna kumbukumbu, na mna milango ya kupokea habari na kutoa amri. Tofauti yake na kompyuta za maabara yetu ni kwamba hii haina haja ya kioo wala kibodi. Unaiandikia kazi moja, unaiwekea umeme, nayo inaifanya kazi hiyo usiku na mchana bila kuchoka wala kunung'unika. Akasema tunaishi nazo bila kujua. Zimo katika mita za stima za tokeni, zimo katika mashine za kufulia nguo, na katika rimoti za televisheni.

Habari ya hicho kibao ilinipendeza. Kilibuniwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, kaskazini mwa Italia, na walimu na wanafunzi wa chuo kimoja cha usanifu, miongoni mwao Massimo Banzi na David Cuartielles. Walitaka kifaa cha bei nafuu ambacho hata mwanafunzi asiyesomea uhandisi angeweza kukitumia. Wakakipa jina la baa waliyozoea kukutana, nayo hiyo baa ilikuwa imeitwa kwa jina la Arduino, mtu aliyekuwa mfalme wa Italia mwaka 1002. Hebu fikirini, jina la mfalme wa miaka elfu moja iliyopita limefika Kenol kwa njia ya baa! Tena wabunifu hao hawakuificha siri yao. Michoro yote waliitoa wazi, ndiyo sababu viwanda vingi vinaweza kutengeneza vibao vya namna hiyo na kuviuza kwa bei ya chini.

Nguvu zake si kubwa sana. Ubongo wa kibao hicho, uitwao ATmega328P, hupiga hatua milioni 16 kwa sekunde moja, lakini kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni baiti 2,048 peke yake. Ili mpate picha, insha hii mnayoisoma haiwezi kuenea humo. Ingekatika kabla hata sijafika kwa jogoo.

Tangu siku hiyo sikupata usingizi mzuri. Nilitaka kibao changu mwenyewe. Likizo ya Aprili ilipofika nilibeba mayai steji kama mtu aliyepagawa. Mama alinipa shilingi mbili kwa kila yai nililouza, na siku za Jumamosi nilikuwa nikiuza hata mayai 60. Nilipofikisha shilingi 2,400 nilimwomba binamu yangu anayefanya kazi Nairobi aninunulie vitu katika barabara ya Luthuli, ambako maduka ya vyombo vya umeme yamesongamana kama meno. Aliniletea kibao, nyaya za rangi rangi, taa chache za LED, kioo kidogo cha kuandikia maneno, swichi ya umeme iitwayo rilei, na kihisi kimoja cha buluu. Hapo naomba radhi kwa mafundi. Wao husema "sensa", lakini mimi nimo katika Chama cha Kiswahili, na sensa ninayoijua ni ile ya mwaka 2019 ya kuhesabu watu. Mimi nitasema kihisi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwasha taa moja, kuizima baada ya sekunde moja, kisha kuiwasha tena. Niliandika programu yenyewe katika maabara ya kompyuta siku ya Jumamosi. Nilikosea mara tano, kwa kuwa nilikuwa nikisahau alama ya nuktamkato mwishoni mwa mstari, na kompyuta haina huruma kama mwalimu wa insha. Mara ya sita taa ikawaka. Ikazima. Ikawaka. Nikaruka juu kwa furaha. Rafiki yangu aliyekuwa kando yangu akaitazama taa, akanitazama mimi, akauliza, "Hiyo taa umenunua pesa ngapi?" Nikamwambia jumla ni elfu mbili na mia nne. Akacheka hadi akashika mbavu. "Si ungenunua tochi ya mia moja tu!"

Maneno yake yaliniuma, lakini yalinisaidia pia. Nilijiuliza ni kazi gani ya maana ambayo tochi haiwezi kuifanya. Jibu nililipata kwa nyanya.

Nyanya yangu anaishi upande wa Sabasaba. Mimi nimeitwa jina lake, kwa hiyo yeye huniita Wajina. Hufuga kuku wa kienyeji, na siku nilipomtembelea nilimkuta na huzuni. Mwewe alikuwa amebeba vifaranga saba katika wiki moja. Tena akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Kuku anapoatamia mayai, huacha kutaga siku zote 21, na akishaangua huendelea kulea vifaranga kwa wiki nyingi. Kumbe hasara ya mwewe ni mara mbili! Umepoteza vifaranga, na mayai pia hukupata.

Nikamwambia, "Nyanya, mimi nitakutengenezea mashine ya kuangua. Kuku wako waendelee kutaga."

Akanitazama kwa muda. "Wewe, Wajina? Na masomo?"

"Itajiendesha yenyewe, nyanya."

Hakuniamini sana, lakini alinipenda. Akaenda kwa majirani zake watatu wa kile chama chao cha akina mama, akawaomba kila mmoja mayai manane, akawaahidi kuwa watarudishiwa vifaranga. Nikapewa mayai 24. Mayai hayo hayakuwa yangu, wala hayakuwa ya nyanya. Alikuwa ameweka jina lake rehani kwa ajili yangu. Katika maboma hayo yote yaliyopakana palikuwa na jogoo mmoja tu wa maana, jogoo mwekundu wa nyanya, mwenye mkia wa kung'aa na kiburi cha chifu. Mkumbukeni huyo.

Nilianza kazi mbio mbio. Fundi mmoja wa redio mwenye kibanda karibu na steji alinisaidia kupata sanduku la plaiwudi, na ndani tukabandika vipande vya stairofomu ili joto lisitoroke. Tuliweka balbu mbili za wati 40, za aina ile ya zamani yenye waya ndani, kwa kuwa hizo hutoa joto jingi. Tukaweka feni ndogo kutoka kwa kompyuta iliyokufa ili hewa izunguke. Chini tukaweka sufuria ya maji ya kuleta unyevu. Sehemu ya stima ya volti 240 fundi aliifunga mwenyewe, akanikataza nisiiguse. "Hii ya vibetri cheza nayo upendavyo," alisema, "lakini hii nyingine haina mchezo. Itakuacha ukiwa mkaa." Nami nawasihi wenzangu, mkijaribu kazi kama hii, msione haya kumwita fundi.

Programu yenyewe ilikuwa fupi. Kila baada ya sekunde mbili kibao kinakiuliza kihisi, "Joto ni ngapi?" Likishuka, kinaamuru rilei iwashe balbu. Likipanda kupita kiasi, kinaamuru balbu zizimwe. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 hivi za joto katika mashine yenye feni. Nilipanga balbu zizime kila kihisi kinaposoma 38. Nikachora alama ya X upande mmoja wa kila yai na O upande wa pili, ili nijue nimeligeuza. Niligeuza mara tatu kwa siku: saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda shule, saa kumi na mbili jioni, na kabla ya kulala. Mara tatu, wala si nne, ili yasilale upande ule ule kila usiku. Yasipogeuzwa, kiinitete hushikamana na ganda na kufa.

Mama alilalamika kuhusu tokeni, nami nikampigia hesabu. Balbu mbili za wati 40 zikiwaka nusu ya muda ni kama yuniti moja kwa siku, yaani yuniti 20 hivi kwa siku zote 21. Akaguna, lakini akanunua.

Siku ya saba, usiku, nilizima taa ya chumba nikachukua simu ya Mama na kuanza kuyamulika mayai moja baada ya jingine. Katika yai lililo hai siku ya saba, utaona doa jeusi katikati na mishipa myembamba ya damu iliyotawanyika kama mizizi ya mti. Mimi nilitafuta mizizi hiyo nisiione. Mayai matano yalikuwa meupe kabisa, hayakuwa na kitu. Mengine 19 yalikuwa na pete nyekundu iliyozunguka ndani, nayo pete hiyo ni alama ya kiinitete kilichoanza kuishi kikafa. Nilimulika tena yote. Nikaketi sakafuni. Mayai 24 ya watu!

Asubuhi iliyofuata nyanya akapiga simu. "Wajina, watoto wetu wanaendeleaje?"

Wapenzi wasomaji, ulimi hauna mfupa. Kabla sijafikiri, nilijisikia nikisema, "Nyanya, pole. Hayo mayai hayakuwa na mbegu. Nadhani jogoo amezeeka."

Kimya. Halafu akasema pole pole, "Haya. Hata mimi nilikuwa nimeshuku."

Nilipumua. Nilidhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Siku ya Alhamisi nilimsikia Mama akizungumza naye kwenye simu, akicheka. Mjomba wetu angekuja kutoka Nairobi Jumapili, na nyanya alikuwa ameamua kumchinja yule jogoo mwekundu. "Anasema kwa vile hana kazi tena," Mama aliniambia, "heri aliwe na wageni." Wale majirani watatu pia walikuwa wameafiki. Eti walikuwa wakichanga pesa za kununua jogoo mwingine.

Moyo ulinidunda pa! pa! pa! Mayai 19 kati ya 24 yalikuwa na damu ndani. Jogoo alikuwa ameifanya kazi yake vizuri kuliko nilivyoifanya yangu. Niliyajua hayo kwa macho yangu, na hakuna mtu mwingine aliyeyajua.

Siku ya Ijumaa nilimwendea mwalimu wa Fizikia wakati wa michezo. Sikumwambia habari ya jogoo. Nilimwambia tu kwamba mayai yamekufa na sijui kwa nini. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja, "Ulijuaje kwamba kihisi chako kinasema kweli?"

Sikuwa na jibu. Akaniazima kipimajoto cha maabara, nikakiweka ndani ya sanduku jioni hiyo hiyo, kando ya kihisi. Nikangoja nusu saa. Kioo changu kidogo kiliandika 38. Kipimajoto cha maabara kilisoma 40.

Nyuzi mbili! Baadaye mwalimu alinionyesha karatasi ya maelezo ya kihisi hicho, DHT11, na maneno yalikuwa pale kwa herufi wazi. Kihisi hicho husoma nyuzi nzima nzima, na kinaweza kukosea kwa nyuzi mbili juu au chini. Kwa hiyo hakikunidanganya. Kilisema wazi tangu kiwandani kwamba huenda kikakosea kwa kiasi hicho, ila mimi sikusoma. Kwa kujua kama chumba ni baridi au moto, nyuzi mbili si kitu. Kwa kiinitete, nyuzi mbili kwa siku saba ni kifo. Niliyapika mayai ya watu polepole, huku nikitazama kioo na kuridhika.

Usiku huo sikulala. Jumamosi asubuhi nilipiga moyo konde, nikapanda matatu ya Murang'a, nikashuka Sabasaba. Nilimkuta nyanya akipepeta mahindi. Jogoo alikuwa amefungwa mguu kwa kamba kwenye mti wa parachichi, tayari kwa kesho yake. Hata hivyo alisimama kwa kiburi kile kile.

"Wajina, mbona leo?"

Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu katika matatu. Yote yalipotea. Nikasema, "Nyanya, usimchinje jogoo. Ni mimi. Mayai yalikuwa mazuri. Mimi ndiye niliyeyaua kwa joto, halafu nikakudanganya."

Aliweka ungo chini. Hakusema neno kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama mwaka mzima. Machozi yakanilengalenga. Kisha akasema, "Kuharibu mayai si kitu. Hata kuku huharibu. Lakini umenifanya niseme uongo kwa wenzangu bila kujua."

Hayo maneno yalinichoma kuliko kiboko. Akanichukua kwa mkono, tukaenda boma la kwanza, la pili na la tatu, na katika kila boma nilirudia maneno yale yale kwa mdomo wangu mwenyewe. Mama mmoja alicheka. Mwingine alinitazama kwa jicho baya, na sikumlaumu. Wa tatu alisema, "Sasa vifaranga vyangu vitatoka wapi?" Nyanya akajibu kwa niaba yangu, "Vitatoka. Atalipa."

Tuliporudi alimfungua jogoo kamba. Kisha akaingia ndani ya banda la kuku, akatoa yai chini ya kuku aliyekuwa akiatamia, akaliweka juu ya kope ya jicho lake lililofumbwa. "Njoo uone," akasema, akaniwekea nami. Ngozi ya kope ni nyepesi sana. Yai lilikuwa na joto la kupendeza, halikuchoma. "Joto ni hili. Hilo sanduku lako ulilipima na nini?" Nikamweleza habari ya kihisi. Akatikisa kichwa. "Ungenipigia simu."

Nilipomsimulia mwalimu Jumatatu, alisema nyanya si peke yake. Huko Misri watu waliangua mayai kwa maelfu katika tanuri za matofali tangu zama za kale, na wale waliozihudumia walipima joto kwa kulibandika yai kwenye kope ya jicho, bila kipimajoto chochote.

Mara ya pili sikukimbia. Nilinunua kihisi kingine, DS18B20, chenye ncha ya chuma, ambacho kosa lake halizidi nusu ya nyuzi. Na hicho pia sikukiamini. Nilikitumbukiza katika barafu inayoyeyuka, kikasoma karibu na sufuri kama ipasavyo. Nikakilinganisha na kipimajoto cha maabara katika maji ya vuguvugu. Kile cha buluu nilikiachia kazi ya kupima unyevu peke yake, asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, kisha karibu 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho. Nilibadilisha pia programu. Sasa balbu zingewaka joto likishuka chini ya 37.4, na zingezima likipita 37.8. Ile nafasi katikati ni muhimu, kwa sababu bila hiyo rilei huwaka na kuzima kila mara, tk! tk! tk!, mpaka ikaharibika.

Nyanya alinipa mayai 20 ya kuku wake mwenyewe. "Haya ni yangu," alisema. "Ukiharibu, tumeharibu sisi wawili."

Siku ya saba nilimulika nikaona mizizi. Nilimwita Mama aje aone. Katika yai moja doa jeusi lilitikisika, na Mama, ambaye amechemsha mayai maelfu maishani mwake, alirudi nyuma akasema, "Uuu! Kumbe ni mtu!"

Siku ya 12 stima ilipotea ploti nzima kuanzia saa mbili usiku. Kibao changu kilizima, nami nikajua kwamba hapo programu haina msaada. Tuliwasha jiko, tukachemsha maji, tukayajaza katika chupa, tukazipanga ndani ya sanduku na kulifunika kwa blanketi. Mama alibadilisha chupa saa sita, mimi saa tisa. Kila mara niliweka yai moja kwenye kope. Stima ilirudi alfajiri. Nyanya alikuwa ameniambia kwamba hata kuku huacha mayai akaenda kula na kunywa, kwa hiyo nisiogope baridi kidogo kama ninavyopaswa kuogopa joto.

Siku ya 18 niliacha kuyageuza. Siku ya 20, usiku, nikiwa nasoma Kemia, nilisikia sauti ndani ya sanduku. Piyo. Nikadhani ni masikio yangu. Piyo, piyo. Yai moja lilikuwa limetoboka tundu dogo, na ndani ya tundu hilo mdomo ulikuwa ukifanya kazi. Sikulifungua sanduku, ijapokuwa mikono iliniwasha, kwa sababu ukifungua unyevu hutoka na vifaranga hukwama katika utando. Asubuhi nilikwenda shule nikiwa sijalala, na katika mtihani mdogo wa Kemia nilipata alama ambazo sitaziandika hapa.

Vifaranga 13 walitoka kati ya mayai 20. Jumamosi niliwabeba katika katoni hadi Sabasaba. Kila mmoja wa wale mama watatu alipata vifaranga wanne. Yule aliyenitazama kwa jicho baya aliwahesabu mara mbili, kisha akanipa ndizi. Nne mara tatu ni 12. Akabaki mmoja, na nyanya akasema huyo ni wangu.

Wapo wenzetu waliofanya makubwa kuliko mimi. Kijana Richard Turere, Mmaasai aliyekulia karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alibuni taa za kumemetuka za kufukuza simba wasile ng'ombe wa baba yake, akiwa na miaka kama 11. Alitumia betri ya gari, paneli ya sola, na kile kifaa cha pikipiki kinachofanya taa za kukata kona zimemetuke. Mwaka 2013 alisimama Marekani akayaeleza hayo mbele ya watu wengi. Mimi sijafika Marekani, nimefika Sabasaba. Lakini naona sote wawili tulianza na tatizo lililokuwa mlangoni petu.

Sisi wa kidato cha tatu ndio tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, na nyuma yetu hakuna kidato kingine, ila ninyi wadogo zetu wa Gredi ya 10. Sanduku langu limo katika chumba cha chama cha sayansi, nyuma ya maabara. Litumieni. Kipimajoto cha maabara nimekifunga kando kwa uzi, na juu ya kifuniko nimeandika kwa wino mwekundu: KWANZA PIMA KIPIMAJI.

Na yule kifaranga mmoja? Alikuwa tetea. Sasa amekua, na mwezi uliopita nyanya alinipigia simu kunijulisha kwamba ameanza kuatamia. Hakuangulia chini ya kuku yeyote, hakuwahi kulelewa na mama, mama yake alikuwa balbu mbili na programu yangu, lakini ameketi juu ya mayai kumi na hataki kuondoka hata akisukumwa. Nilimuuliza nyanya nani amemfundisha.

"Sijui," akasema. "Lakini baba yao namjua." Nami nikamsikia jogoo akiwika nyuma yake, katika simu, saa nane ya mchana, bila sababu yoyote.